Joto la Chumba, Joto la Kiota

Eastlands, mashariki mwa Nairobi, mtu hulala kejani na kuku hulala kwenye keji. Irabu moja tu ndiyo inayowatenganisha. Keja ni neno la Sheng la nyumba, hasa kile chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kinachopatikana kwa wingi kwenye maghorofa ya Umoja na Kayole. Keji ni kizimba cha waya cha kuku wa mayai, kinachopangwa ngazi juu ya ngazi ili eneo dogo libebe kuku wengi. Sitaapa kwamba maneno haya mawili yametoka tumbo moja. Lakini msikilize mpangaji wa Kayole akimsengenya mwenye nyumba, uone kama hatacheza na irabu hiyo.

Naanza na nyumba kwa sababu mada yangu ni ufugaji wa panya, na miongozo ya ufugaji huo, iwe ya Ulaya au ya Marekani, hutilia mkazo mambo mawili: nyumba na joto. Ndiyo, panya wa kufugwa kwa makusudi. Chatu hali sukuma wiki, na Nairobi ina Bustani ya Nyoka pale makumbusho tangu 1961. Maabara nazo zina haja zake. Shirika la ILRAD, ambalo baadaye liliunganishwa ndani ya ILRI, liliundwa mwaka 1973 na kuweka makao Kabete likitafiti ndigana na nagana, na vimelea vya nagana hukuzwa ndani ya panya. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iliundwa 1979, nayo haiwezi kufanya kila utafiti wa magonjwa bila nyumba ya wanyama.

Eastlands kwenyewe, anayefuga panya kwa hiari yake ni nadra. Nyoka hawafugwi nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mchezo. Tena jina la panya lina historia mbaya mjini. Reli ilifika Nairobi 1899, na mwaka 1902 tauni iliingia soko la Wahindi hadi mamlaka ikalitia moto soko lenyewe. Mwenye ploti anayemwaga sumu ya panya ngazini kila mwezi hatamwelewa mpangaji anayewanunulia panya chakula.

Hata hivyo, maneno ya kuandikia mwongozo huo ningeyatafuta Eastlands kabla ya kufungua kamusi ya sayansi. Huko watu wamefuga kuku, sungura, njiwa na hata kwale katika vyumba vilivyojengewa watu, bila mashine ya kupoza wala ya kupasha hewa, na wakalazimika kuzungumza juu ya joto kwa undani ambao vitabu vyetu havina. Mwongozo ukitafsiriwa moja kwa moja utatoka na halijoto moja tu, ile ya chumba. Ukiandikwa kwa maneno ya wafugaji utatoka na joto la chumba, joto la kizimba na joto la kiota, na hapo katikati ya hayo matatu ndipo panya huishi au hufa.

Lakini kwanza mnyama mwenyewe. Neno panya humtosha mtu anayetafuta mtego. Mfugaji halimtoshi, kwa kuwa ana wanyama wawili tofauti. Yule mdogo, Mus musculus, akikomaa hufika gramu 20 hadi 40. Yule mkubwa, Rattus norvegicus, dume lake huweza kupita gramu 400. Kumwita mdogo kipanya ni sawa kisarufi, ila ki- ya udogo haituambii kama mnyama ni mdogo kwa jamii yake au kwa umri wake. Kipanya wa gramu 30 anaweza kuwa bibi mwenye wajukuu. Mtoto wa panya mkubwa mwenye uzito huohuo bado ananyonya. Isitoshe kipanya ameshachukuliwa na kazi nyingine. Yupo mezani pembeni ya kompyuta, na Dar es Salaam amewahi kubeba abiria kwa jina hilo wakati daladala ndogo zilipotamba.

Wapo wanaotaka kumwita yule mkubwa panya buku. Hapo napinga. Buku ana mwili wake na sifa zake: ni jitu la panya lenye mifuko mashavuni, na lenye uzito wa kilo moja au zaidi. Ndiye anayefundishwa Morogoro na shirika la APOPO, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, kunusa mabomu yaliyofukiwa na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Magawa, buku mzaliwa wa Tanzania aliyefanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Kumpa panya wa maabara jina la buku ni kumvika nishani isiyo yake. Na kwa kuwa tuko kwenye joto, tujue pia kwamba hawa mabuku hufanyishwa kazi alfajiri, na jua likichomoza hupakwa mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Mnyama wa usiku hana ngozi ya mchana.

Basi mdogo abaki kipanya na mkubwa abaki panya, na umri utafutiwe maneno yake. Hapa lugha ni tajiri kuliko nilivyotarajia. Mtoto wa kuku ni kifaranga, wa ndege ni kinda, wa sungura ni kitungule. Mtoto wa panya hakupewa jina la pekee, labda kwa sababu hakuna aliyetaka aendelee kuishi. Lakini tunalo neno kichanga, la mtoto wa binadamu wa siku chache, na linamkaa vizuri. Panya huzaliwa uchi, macho yamefumbwa, masikio yamegandamana na kichwa, ngozi nyembamba kiasi kwamba maziwa aliyonyonya huonekana meupe tumboni. Wafugaji wa Kizungu humpa jina kwa rangi yake ya waridi. Sisi tumwite kichanga na tuendelee.

Baada ya wiki hivi huanza kuota vinyweleo. Wafugaji hao hao wana jina jingine kwa hatua hiyo, na mtafsiri mvivu angeandika "mwenye manyoya mafupi." Hakuna haja. Zile nywele laini za mkononi na shingoni huitwa malaika, moja ikiwa laika. Kichanga aliyeota malaika. Sijui lugha nyingine ambayo ingempa mtoto wa panya heshima hiyo bila kukusudia. Macho hufumbuka karibu na siku ya 14, na siku ya 21 hulikizwa, yaani huachishwa ziwa. Kulikiza ni neno ambalo wengi wa rika langu wamelisahau; wanasema kuachisha kunyonya, maneno mawili pale ambapo moja lingetosha.

Sasa nyumba. Kwa mfugaji wa Eastlands maneno hushuka kwa ukubwa: banda, kizimba, tundu, kiota. Kila moja lina mtego wake. Banda lingekuwa jina zuri la chumba cha kufugia, lakini mdogo wake, kibanda, ameshakuwa mahali pa kula chapati na maharagwe, na vijana wakamwongezea mkia akawa kibandaski. Ukimwambia mtu wa Donholm kwamba una panya kibandani, ataacha kula huko. Kizimba nacho, ukisikia redioni, mara nyingi kina mshukiwa ndani yake; mtu hufikishwa kizimbani pale mahakama ya Makadara asubuhi, na ndicho kizimba ambacho wengi hukifikiria kwanza. Hata hivyo ndilo jina ninalolipendelea kwa nyumba ya panya, kwa sababu kizimba ni chumba kidogo chenye ukuta wa fito au waya, unaona kilichomo, na aliyemo hatoki kwa hiari yake. Mshukiwa wa Makadara atakubaliana nami.

Tundu ndilo la hatari. Kiswahili kinasema tundu la ndege kwa maana ya kizimba cha kumfungia, na tundu la sindano kwa maana ya uwazi. Mwambie fundi wa Kamukunji akutengenezee tundu la panya, atakuuliza liko upande gani wa ukuta ili aje na saruji.

Na fundi huyo ndiye mwalimu wa istilahi za waya. Waya ya kuku, ile yenye matundu ya pembe sita, haifai kwa kipanya; mwili wake hupita penye upana wa kalamu, na kichanga angepita bila kujua kwamba amepita. Inayofaa ni ile ambayo mafundi huiita waya ya kahawa, yenye matundu madogo ya mraba, iliyofika madukani kwa sababu ya meza za kuanikia kahawa na ikabaki kwa ajili ya madirisha, mabanda ya sungura na sasa, kama mtu atataka, panya. Jina hilo halimo kwenye kamusi yoyote niliyowahi kuipekua, na ni bora kuliko "wavu wa matundu madogo," kwa kuwa ukilitaja dukani unapewa kitu kimoja tu.

Vipimo vya nyumba ni vya kawaida na nitavipita haraka. Mwongozo wa Marekani wa wanyama wa maabara unampa kipanya jike na watoto wake sakafu ya sentimita za mraba 330, na panya jike na wake 800, na kimo cha sentimita 13 kwa mdogo na 18 kwa mkubwa. Beseni pana la plastiki lenye kifuniko cha waya ya kahawa linatimiza hayo bila shida. Vipanya majike wanaweza kuishi wawili watatu na dume mmoja, na wakizaa karibu karibu hukusanya watoto kwenye kiota kimoja na kunyonyesha bila kuuliza ni wa nani. Kwa wake wenza hili ni jambo la kuigwa au la kushangaa, inategemea ulilelewa nyumba gani.

Sakafuni huwekwa maranda. Hili ni neno ninalolipenda kwa sauti yake na kwa uwazi wa ukoo wake: fundi seremala ana randa, randa hulainisha ubao, na kinachojikunja na kuanguka ni maranda. Nairobi wengi huita kila kitu vumbi la mbao, na hapo tofauti muhimu hupotea. Vumbi la msumeno ni unga, huingia puani na machoni mwa mnyama anayeishi pua ikiwa chini. Maranda ni mikunjo, hunyonya mkojo na huacha hewa ipite. Mwenye mbao wa Gikomba atakujazia gunia la chochote kati ya hivyo viwili, kwa hiyo ni vizuri kujua umeomba nini. Liwe pia gunia lisilo la mtarakwa. Ule mti wa nguzo za ua unanukia vizuri kwetu, lakini mafuta hayo ya harufu ndiyo wafugaji wa nje wanayoyaonya kwa mierezi yao, kwamba huyachosha maini na mapafu ya wanyama wadogo.

Nimefika kwenye joto, na hapa nitakaa.

Kenya tunaandika halijoto. Tanzania wanaandika jotoridi. Halijoto ni hali ya joto, neno linaloeleweka mara moja na lisilokuwa na ladha. Jotoridi limeshona joto na baridi pamoja likakata kipande cha katikati, na ingawa linasikika kama jina la dawa, linakumbuka jambo ambalo letu linasahau: kipimo kina pande mbili. Mfugaji wa Nairobi hafikirii joto mwezi wa Julai. Anafikiria baridi. Mchana wa Julai mara nyingi haupiti nyuzi 22, na usiku hushuka hadi karibu 12. Kumuuliza halijoto ya banda lake alfajiri hiyo ni kama kumuuliza mwenye njaa hali ya shibe yake.

Nyuzi pia zina vituko vyake. Uzi mmoja hushona shati Gikomba, na uzi huohuo hupima joto. Wakenya wengi huzikwepa nyuzi na kusema digrii, kisha wakajikuta na digrii ya chuo kikuu mkononi. Mimi ni mtu wa nyuzi. Kipimajoto cha zamani, kile cha zebaki, kilionyesha joto kwa uzi mwembamba unaopanda kwenye bomba la kioo, na sina haja ya kujua kama ndiyo asili ya neno ili kulifurahia.

Mwongozo husema: panya na vipanya wawekwe kwenye nyuzi 20 hadi 26. Ni sahihi, na ndiyo takwimu inayotumika kwenye maabara nyingi duniani. Lakini ukimpima kipanya mwenyewe, mwili wake hutulia bila kuchoma chakula cha ziada karibu na nyuzi 30. Chumba cha 22 kwake ni cha baridi. Mbona basi hafi? Kwa sababu yeye haishi chumbani. Anaishi kiotani, na kiota ni kazi ya mikono yake. Mpe gramu 8 hadi 10 za karatasi iliyochanwa nyuzinyuzi na usiku mmoja tu, asubuhi utakuta mpira wenye mlango, na ndani yake kuna joto ambalo kipimajoto cha ukutani hakina habari nalo.

Lugha yetu ina maneno ya joto hilo la ndani, na hapa ndipo ninapomlaumu mtafsiri aliyeandika halijoto kila mahali. Joto la kiota ni vuguvugu, lile la maji ya kumwogesha mtoto, lisilochoma wala kupoa. Joto la kizimba kilichofunikwa vibaya ni fukuto. Fukuto ni joto lililonaswa, lenye unyevu ndani yake, joto la kitu kinachofukuta chini kwa chini bila ndimi za moto. Na joto la chumba cha mabati saa nane mchana mwezi wa Februari ni hari, lile linalomtoa mtu jasho akiwa ameketi tu. Maneno matatu, na kila moja linaelekeza tiba tofauti. Hari hutibiwa kwa kivuli na paa. Fukuto hutibiwa kwa kufungua waya na kubadilisha maranda. Vuguvugu haliguswi.

Fukuto huja na adui wa ziada. Mkojo wa panya ukikaa kwenye maranda yaliyoloa, vijidudu huugeuza kuwa amonia, na amonia hiyo hutokea chini, pale pale pua ilipo. Mfugaji anayefunga panya kwenye tangi la samaki la kioo, kwa nia njema ya kuwakinga na baridi, huwa amewajengea fukuto. Chumba kinaweza kusoma nyuzi 24, takwimu nzuri kabisa, na panya wakawa wanapiga chafya na kutoa machozi mekundu. Mwongozo wenye halijoto moja hauna namna ya kueleza kilichotokea. Mama wa kuku wa Kaloleni angeingia, akanusa, akasema, "Hapa pana fukuto," na kazi ingekuwa imekwisha.

Hari nayo si ya kubezwa. Panya hatoi jasho wala hahemi kama mbwa. Hutoa joto kwa mkia, ule mkia usio na manyoya ambao ndio unaowachukiza watu, na akizidiwa hujipaka mate mwilini ili yakikauka yampoze. Joto likipita nyuzi 30 kwa siku nyingi dume hupungukiwa na uwezo wa kutungisha mimba, na mfugaji hulaumu majike. Hewa ikiwa kavu mno, mikia ya watoto wa panya wakubwa hujibana kwa mikunjo kama iliyofungwa uzi na kipande cha mwisho kinaweza kukatika. Ugonjwa huo nauita pete za mkia hadi atakapotokea mwenye jina bora.

Mtu atasema Eastlands ni moja na joto lake ni moja. Si hivyo. Nyumba za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, zina kuta za mawe na paa la vigae. Jua huchelewa kuingia na baridi huchelewa pia. Chumba cha mabati cha Korogocho kina hari mchana na barafu alfajiri, siku hiyo hiyo. Ghorofa ya Umoja inategemea kama dirisha lako linatazama barabara au ukuta wa jirani ulio umbali wa mkono. Panya huvumilia zaidi chumba cha nyuzi 18 kisichobadilika kuliko kinachoruka kutoka 14 hadi 30, na kwa hiyo nyumba ya mawe ya mkoloni ni banda bora kuliko ghorofa jipya. Sifurahii kuliandika hilo.

Hata hivyo ujuzi wenyewe wa joto uko kwa wafugaji wa vifaranga. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha hupunguziwa kama nyuzi tatu kila wiki. Mfugaji wa Maringo au Jericho huziweka nyuzi hizo kwa chungu chenye makaa, au jiko lililozungushiwa karatasi ngumu, au balbu, na hasomi kipimajoto, anasoma vifaranga. Wakilundikana chini ya chungu, wana baridi. Wakijibandika ukutani midomo wazi wakihema, wana hari. Wakitawanyika na kudonoa, wameridhika. Kulundikana, kuhema, kutawanyika: hizi ni istilahi kamili, zina maana moja na tiba moja kila moja, na ukiondoa kuhema, zinafaa kwa panya neno kwa neno. Ninaongeza moja tu, kujikunyata, kwa yule aliye peke yake pembeni ameinua manyoya na kukunja mgongo. Huyo ana baridi au ni mgonjwa, na mara nyingi ni vyote viwili.

Karibu zaidi na panya Eastlands ilifika mwaka 2013 na 2014, wakati wa wazimu wa kwale. KWS ilitoa vibali kwa kuwa ndege huyo alihesabiwa kama wa porini, mayai yakauzwa kwa bei ya dawa, balkoni zikajaa vizimba, kisha soko likaporomoka na wengi wakabaki na ndege wasiokuwa na mnunuzi. Kwa mpenzi wa maneno, kipindi kile kilikuwa karamu. Kamusi zina tombo kwa ndege mdogo yule na kwale kwa mkubwa wake wa vichakani, lakini soko lilisema kwale na kwale likashinda. Mjaluo wa Jericho alisema aluru, Mluhya akasema isindu, nao walikuwa wakimla tangu kwao bila kibali cha mtu. Kilichonihusu mimi ni uzito. Kifaranga wa kwale hafikishi gramu 10 siku anayoanguliwa. Mwili mdogo hivyo una ngozi nyingi kwa nyama kidogo, kwa hiyo humwaga joto upesi, na waliofuga kwale walijifunza kwa vifo vya usiku mmoja jambo ambalo wafugaji wa panya hulisoma vitabuni.

Usiku huo mara nyingi ulikuwa usiku wa stima kupotea. Stima yetu ilikuja bandarini kama jina la meli ya mvuke, chombo cha moto na maji, na sasa inakaa kwenye waya bila mvuke wowote. Ikipotea saa tisa za usiku, balbu hufa, na vifaranga hulundikana hadi wa chini akakosa pumzi. Anayewasha jiko la makaa ndani ya keja iliyofungwa ili kuwaokoa huhatarisha watu pia, maana hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu wala rangi. Kichanga wa panya hategemei stima. Ana mama, na mama hujilaza juu yake kwa mgongo uliopinda kama daraja. Tunalo neno la kazi hiyo, kuatamia, na sioni kwa nini tuliachie kuku peke yake kwa sababu tu ya mayai. Panya huatamia vichanga wake. Akisumbuliwa, akifunuliwa kiota, akipigwa na baridi, huenda akawala, na mfugaji mgeni huita hilo ukatili wakati yeye ndiye aliyefunua.

Kumebaki jina gumu kuliko yote, la panya huyo kama chakula cha nyoka. Panya wa kulisha? Sikia utata wake: ni panya ninayemlisha, au panya ninayelishia? Kiambishi kimoja kingetuokoa, panya wa kulishia, na kisarufi ndilo jibu, ingawa midomo mingi itakimeza. Panya wa mawindo hapana, kwa kuwa chatu wa Bustani ya Nyoka hawindi, huletewa. Nilijaribu panya kitoweo na kwa muda nikafurahi, kisha nikakumbuka kwamba kitoweo hudai ugali. Nyoka hali ugali. Kwake panya ndiye ugali, na mboga, na maji ya kunywa. Nakubali kulishia.

Na ile sentensi ya mwongozo ningeiandika hivi: chumba kisipungue nyuzi 20 wala kupita 26, kizimba kisiwe na fukuto, na kiota kiachiwe vuguvugu lake. Najua neno ambalo mhariri atalipigia mstari. Magazetini vuguvugu sasa ni la vijana na mabango barabarani, na atataka niweke joto la wastani. Hilo nitalipigania.